Padre Anauliza Maji Gani

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 11 Machi 1956

Dada yangu mpendwa Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada, tena shikamoo mbili, moja yangu na moja ya shemeji yako Kasiani, aliyejinyoosha mkekani baada ya Misa na kuniagiza nikusalimie kabla usingizi haujamchukua. Kifua chako kinaendeleaje? Uliandika kwamba mvua za huko zimekuletea kikohozi kisichotaka kuaga, nami tangu hapo nikikohoa hata kwa vumbi nakukumbuka. Sisi huku wazima. Joto limetukalia kichwani, lakini la joto halina habari, ukiishi Dar es Salaam unalizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye makelele.

Kahawa ya kutafuna imefika, asante sana. Senene nao wamefika, ingawa mfuko ulipasuka njiani, na nadhani kati ya meli na treni kuna mtu aliyeijua ladha yao kabla yangu. Adelina kala mpaka nikamficha waliobaki. Albano alikataa kwa sababu baba yake alikataa. Hebu fikiria, Kasiani, mtu aliyekua akila panya wa shambani kwao Masasi, anaogopa senene! Nilimtania siku nzima, akasema panya ana adabu, haruki sahanini.

Sasa niingie kwenye barua yako. Umeniambia Padre Theonest anapita nyumba kwa nyumba akiandika upya daftari la Wakristo, nawe umemwomba amwandike mwanao Benedicta pamoja na marehemu baba yake, ili Siku ya Marehemu Wote jina lake lisomwe kanisani. Padre amekubali, ila kwa kuwa mtoto hakubatizwa na padre anataka karatasi yenye sahihi ya aliyembatiza, ieleze mambo matatu: siku gani, maneno gani, maji gani. Ukaongeza kwamba ni jambo dogo, mistari mitatu tu, na kwamba mimi hodari wa kalamu sitashindwa. Dada, barua yako imekaa chini ya mto wangu wiki tatu. Mistari miwili naiweza.

Niruhusu nianze mbali kidogo, maana nikikimbilia mwisho nitaogopa na kuichana karatasi, kama nilivyochana nne kabla ya hii. Unakumbuka nilivyokuwa mafundishoni. Katekisimu nzima niliijua kwa moyo, swali na jibu, nikapewa rozari mbele ya wenzangu wote, na kuanzia siku hiyo sikumwacha mtu apumzike. Mzee Gozbert, aliyebatizwa kabla mama yetu hajazaliwa, nilimsahihisha Nasadiki palepale kanisani, kwa sauti. Mama alinifinya mpaka nikatoka machozi, lakini nilitoka pale nikijiona nimeitetea dini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa uliponiita Chanika, mwaka ule wa ukame, nije nikuuguze uzazi.

Nilikuwa sijawahi kuona mnazi. Siku ya kwanza shemeji Didas aliponikatia dafu, nilikunywa, kisha nikauliza ni nani aliyeyatia maji mle ndani. Didas, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja nyumbani kwenu alisimuliwa kisa cha Mhaya na dafu. Nami nilicheka pamoja nao. Sikujua kwamba kicheko kile kitanirudia.

La gauni unalijua na ulishanisamehe, lakini nalitaja kwa kuwa bila hilo mengine yasingekuwa. Padre wa misheni alikuwa anafika kigango cha Chanika kila baada ya Jumapili mbili. Alipofika, Benedicta alikuwa na siku nane, mzima, analia kwa nguvu. Mimi ndiye niliyekuwa niwe mama yake wa ubatizo, na gauni langu la poplini lilikuwa bado kwa fundi. Nikakuomba tungoje safari ijayo ya Padre. Didas hakupenda, alisema mtoto wa Kikristo habatizwi kwa ratiba ya cherehani. Wewe ulinitetea, ukasema mwache, ni wiki mbili tu. Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili hiyo ya gauni, mtoto akaanza kuchemka.

Wewe mwenyewe ulikuwa kitandani na homa ya uzazi, hukuweza hata kukaa. Didas alikuwa ameondoka alfajiri na lori la shamba kwenda mjini. Ulinishika mkono ukaniambia nimpeleke mtoto misheni, na akizidiwa njiani nisingoje mtu, kwa kuwa mimi najua maneno. Hayo ndiyo uliyoniambia, kwamba najua maneno. Nilitoka na kibuyu cha maji kwapani na mtoto mgongoni. Jua lilikuwa kali, visima vya njia nzima vilikuwa vimebaki tope, na maji ya kibuyu niliyamaliza kwa kumpangusa paji la uso, kwa kuwa kila nilipomgusa aliniunguza. Nusu ya njia degedege ikamshika. Palikuwa na kibanda cha muuza madafu, mzee wa Kizaramo aitwaye Nassibu. Nikamkimbilia, nikapata maji, nikambatiza Benedicta pale chini ya makuti kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, neno kwa neno, bila kukosea. Dakika mbili hazikuisha akakata roho. Alizikwa ndani ya uzio wa misheni, penye misalaba, kwa ushahidi wangu.

Hayo ndiyo niliyokusimulia jioni ile, na hayo ndiyo unayoyajua. Hakuna uongo ndani yake. Kuna mambo mawili tu niliyoyaruka, la kwanza kwa aibu na la pili kwa ujinga.

Kabla sijayasema, nataka ujue kwamba nakumbuka kila kitu ulichopitia, maana sitaki udhani naandika kwa wepesi. Mimba mbili zilizofuata ziliharibika. Didas akaugua tumbo mwaka wa hamsini na mbili, akaletwa hospitali huku mjini, na kabla hatujajua jina la ugonjwa tukawa tunamfunga sanda. Ukarudi Bukoba, shemeji zako wakakunyang'anya kibanja, shamba la nyumbani pamoja na migomba aliyopanda mumeo kwa mkono wake, wakasema mwanamke asiye na mtoto hana cha kurithi. Kila pigo lilipokuja niliogopa kufungua barua yako, nikidhani safari hii nitakuta umemkasirikia Mungu. Sikukuta. Kila barua ilikuwa na mstari uleule, kwamba huna mtoto duniani lakini huko juu unaye mtu wako, ambaye usiku na mchana anakuombea, na Mungu hawezi kumsahau mama wa mtu anayemwona kila siku usoni. Unaye mtu wako. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi mpaka nayaota.

Nami chini ya kila barua nilikujibu kwa sahihi ileile: mdogo wako Auleria Kokuberwa, mama wa ubatizo wa Benedicta. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mstari huo wa mwisho unaubusu kabla ya kuikunja barua. Dada, laiti nisingaliambiwa hilo.

Mwaka wa hamsini na moja, nilipokwisha kuolewa na kuhamia huku Temeke, Padre wetu, yule Mzungu wa ndevu, alinichagua niwe mwalimu wa dini wa wasichana. Alitukusanya walimu tisa akatufundisha namna ya kubatiza mtu aliye katika hatari ya kufa. Maneno niliyajua, kwa hiyo nilikaa mbele nimejikunjua kama mwenye nyumba. Akaja kwenye maji. Akasema lazima yawe maji hasa, la sivyo mtu hajabatizwa: ya mvua, ya kisima, ya mto, hata ya bahari, hata ya dimbwi kama hakuna mengine. Maziwa hapana. Pombe hapana. Na kwa kuwa tuko pwani, akasema akitabasamu, naongeza hili: maji ya dafu hapana, hayo huitwa maji kwa mdomo tu, ni utomvu wa tunda. Walimu wenzangu, watu wa pwani, wakaangua kicheko, mmoja akauliza ni mpumbavu gani angembatiza mtu kwa dafu. Mimi nilicheka pia. Nilicheka, dada, kwa sauti, ili mtu asinitazame.

Sasa umeshajua. Maji niliyommiminia Benedicta kichwani yalikuwa ya dafu. Sikujua kwamba hayafai. Kwetu hakuna minazi, nilikuwa na miezi minne tu pwani, watu wote waliyaita maji, nami niliyaona meupe, yanatiririka. Niliyejua majibu yote ya katekisimu sikujua hata maji ni nini. Huo ndio ujinga, na ujinga pekee pengine ningekuandikia siku ileile. Kilichonifunga mdomo ni ile aibu, ambayo ni ya kwanza.

Nilipofika pale kibandani nilimwambia mzee Nassibu anisaidie maji. Akaniuliza maji ya nini. Niliitazama kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, nikaona tasbihi imetundikwa ukutani, nikajiambia huyu ni Mwislamu, nikimwambia ni ya kumbatiza mtoto atanifukuza au ataninyima, na muda hakuna. Nikamjibu kwamba mtoto ana kiu. Basi akafanya kama ambavyo mtu yeyote mwema angefanya kwa mtoto mchanga mwenye kiu siku ya ukame: akachagua dafu changa kuliko yote, akalikata, akanipa. Nilipoanza kumimina na kusema maneno, nilimwona anaingia ndani ya kibanda mbio. Akatoka na birika mikononi, lakini mtoto alikuwa ameshakata. Akasimama pale, akasema, mwanangu, si ungesema. Nilidhani ananipa pole kwa namna ya watu wa pwani.

Baada ya somo la Padre ndipo neno lile liliponijia, nikaanza kuogopa birika lile. Sikuthubutu kwenda kuuliza. Miaka mitano sikupita njia ya Chanika, hata palipokuwa na msiba wa watu tunaowajua, nikasingizia mguu. Barua yako ilipokuja na maswali yake matatu, nilikaa wiki mbili nikitafuta namna ya kuandika neno moja tu, maji, bila kusema gani. Ningeweza. Padre Theonest angesoma maji, angetia sahihi, jina lingeingia daftarini. Kalamu nilikuwa nimeshaichovya. Nikaona kwamba nikiandika hivyo, nitakuwa nawadanganya ninyi kama nilivyomdanganya mzee Nassibu.

Jumatatu iliyopita nikapanda basi la Chanika. Mzee bado yupo, jicho moja limekwisha, na ulimi haujapungua ukali. Nilimwamkia, nikaanza kujieleza, akanikatiza, akasema ananijua, mimi ndiye yule mama wa Kihaya mwongo. Nikamwuliza habari za birika. Akasema lilikuwa na maji kidogo ya kisima, aliyoyaweka tangu asubuhi kwa ajili ya udhu wa adhuhuri, na aliponisikia nataja jina la mtoto na la Mungu akafahamu ninachofanya, maana aliwahi kuchimba msingi wa kanisa kule misheni na kuona watoto wakibatizwa. Akakasirika upya, kana kwamba ni jana. Akasema, “Mie naomba Mungu mara tano kwa siku, nikunyime wewe maji ya kumwombea mtoto? Uliniona mimi nani?” Nilikaa chini kwenye makumbi ya madafu yake nikalia, naye akaniacha nilie, akaendelea kuuza. Wakati wa kuondoka niliona birika lilelile limewekwa nje, juu ya gogo, karibu na njia. Nikamwuliza kwa nini. Akasema tangu siku ile hulijaza kila asubuhi na kuliweka pale, ili mwenye haja achukue mwenyewe bila kuulizwa maji ya nini.

Kwa hiyo, dada, maji yalikuwepo. Yalikuwa hatua sita kutoka nilipopiga magoti. Niliyakosa kwa sababu sikumwamini mtu aliyekuwa mbele yangu, nami nilikuwa nimetoka kuomba njia nzima Mungu aniletee msaada.

Jumatano nilikwenda kuungama. Padre akasema Mungu ametufunga sisi na maji, Yeye mwenyewe hakujifunga, na kwamba mtoto aliyebebwa na mtu anayekimbia kumtafutia ubatizo, na aliyeliliwa ubatizo huo na mama yake kitandani, tumwachie Mungu bila hofu. Maneno hayo yalinifariji mpaka jioni. Asubuhi yalikuwa yamepungua. Mimi si mtu wa kukudanganya tena, kwa hiyo sikuambii kwamba moyo wangu umetulia. Akaniuliza pia kwa nini nilikuficha miaka mitano, nikamjibu kwamba nilikuonea huruma. Akauliza tena swali lilelile, kana kwamba hakunisikia.

Ndipo nikaona. Huruma ilikuwepo, lakini ilikaa nyuma. Mbele alikaa Auleria wa rozari, asiyekosea neno. Na nyuma ya wote wawili palikuwa na kitu kibaya zaidi: niliamini kwamba imani yako imesimama juu ya mkono wangu uliomimina, na kwamba siku nikiuondoa utaanguka. Nilimwamini Mungu kwa mambo yangu yote, kwa mvua, kwa watoto, kwa kazi ya Kasiani, lakini sikumwamini kwamba anaweza kukushika wewe bila msaada wa uongo wangu. Na wewe, uliyepoteza mtoto, mume na migomba, ndiye uliyekuwa ukinifundisha mimi kumtegemea. Nilikuwa nakusoma nisikuelewe.

Watoto wangu wote wawili, utakumbuka, niliwakimbiza kubatizwa kabla kitovu hakijadondoka, ukanicheka ukasema nimekuwa mzee kabla ya wakati. Sasa unajua nilikuwa nakimbia nini.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya Padre Theonest. Nimeandika mistari mitatu. Siku: Alhamisi, mwaka wa arobaini na tisa, kabla ya adhuhuri. Maneno: yale ya Kanisa, kamili. Maji: ya dafu, kwa kuwa nilimwambia uongo mwenye maji. Ukipenda umpe Padre, mpe. Ukipenda kuichana, ichane, lakini nyingine sitaandika. Na kama utataka kukaa muda mrefu bila kunijibu, sitauliza, nitajua kikohozi hakijapoa.

Kaburi nililipitia Jumatatu hiyohiyo. Padre anasema libaki lilipo, na Kasiani anachonga msalaba mpya wa mninga, maana ule wa kwanza mchwa wameula mguu. Ameniuliza aandike jina gani. Nimemwambia aandike Benedicta, kwa kuwa jina nililisema vizuri, na Mungu alilisikia.

Msalimie Mama, mwambie jino langu nimeling'oa kama alivyotaka. Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na mzee Gozbert kama bado yu hai umwombee radhi kwa niaba yangu, yeye anajua kwa lipi. Albano na Adelina wanakuamkia. Kasiani ameamka, anauliza kama senene wamekwisha, apumue. Mungu akutunze, dada yangu, Yeye ambaye amekutunza kumbe wakati wote bila mimi.

Ni mimi mdogo wako,

Auleria Kokuberwa

Chini ya jina langu nimeacha nafasi ya ule mstari mwingine. Safari hii siuandiki mimi. Ukiona bado ni wangu, uandike wewe kwa mkono wako, unirudishie.